Vifaa vya kukandia mgongo wakati wa ujauzito: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Mgongo na nyonga za mjamzito zikianza kuuma, ushauri wa kwanza anaopewa nyumbani ni akandwe. Si ushauri mbaya. Joto la wastani kiunoni, begani au nyongani hulegeza misuli iliyokaza bila kupandisha joto la mwili mzima, na hilo la mwili mzima ndilo lenye kuogopwa. Joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 39 za Selsiasi katika wiki za mwanzo, wakati mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto haujafunga (hufunga karibu na wiki ya 6 tangu hedhi ya mwisho), uwezekano wa kasoro za maumbile huongezeka. Ndiyo sababu mjamzito hukatazwa sauna na kujiloweka kwenye maji ya moto, lakini haambiwi aache kukanda kiuno.

Hatari iliyo karibu zaidi ni kuungua. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde 5 hivi, ila hata nyuzi 44 tu, zikikaa mahali pamoja saa 6, huacha jeraha. Na mjamzito aliyechoka husinzia upesi. Kwa hiyo hapa hatukupanga vifaa kwa ukali wa joto. Tumeuliza swali moja: mtu akilala nacho, je, kitapoa au kitazima chenyewe?

1. Mpira wa maji ya moto

Huu, yaani mfuko wa mpira unaojazwa maji ya moto, ndio wa kununua kwanza. Hauna umeme, hupoa wenyewe, na hata umeme ukikatika bado una kazi. Chukua wa lita 1 badala ya lita 2. Mzito hauna faida kwa mtu anayejigeuza kwa shida kitandani. Uwe na kava la kitambaa.

Kabla hujalipa, tafuta kwenye mpira wenyewe, mara nyingi karibu na shingo, ua dogo lenye petali 12. Namba ya katikati ni mwaka wa kutengenezwa, petali ni miezi, na nukta ndani ya petali ni wiki. Mpira uliopita miaka 2 uache, hata kama bado uko kwenye boksi lake, kwa sababu mpira huzeeka dukani pia, hasa uliotundikwa juani. Kisha ukunje shingoni na kwenye mishono: ukiona nyufa nyembamba, urudishe. Fungua kifuniko uhakikishe washa yake (pete ya mpira inayozuia maji kuvuja) ipo na haijakakamaa.

Kujaza: usimimine maji yanayochemka. Changanya nusu ya maji yaliyochemka na nusu ya bomba; utapata karibu nyuzi 60, zinazotosha kabisa chini ya kava. Jaza theluthi mbili tu, ukandamize taratibu hadi maji yaonekane shingoni ili hewa itoke, ndipo ufunge. Upindue juu ya sinki na kuubonyeza kidogo kabla ya kuupeleka kitandani. Usiukalie wala kuulalia. Huweza kupasuka chini ya uzito wa mtu.

Jambo moja husahaulika sana: mafuta huharibu mpira. Kama mgongo umepakwa mafuta ya nazi, yafute kwanza au weka taulo kavu katikati. Ukimaliza, mwaga maji yote na uuning'inize kichwa chini, bila kifuniko, mbali na jua.

2. Mfuko wa nafaka wa kupasha kwenye maikrowevu

Ukiwa na maikrowevu, huu unakaribiana sana na wa kwanza. Hauvuji, hujikunja vizuri shingoni na begani, na hupoa baada ya nusu saa hivi. Nunua wa pamba tupu, wenye vyumba vilivyoshonwa ili nafaka zisikusanyike upande mmoja. Kitambaa cha nailoni, zipu ya chuma au nyuzi za kumetameta, hapana.

Kinachoharibu mifuko hii ni kupasha kupita kiasi. Nafaka hukauka kila unapoipasha, na iliyokauka sana huweza kushika moto ndani, hata dakika kadhaa baada ya kuitoa. Anza na dakika 1, uguse, kisha ongeza sekunde 30. Usirudie kupasha kabla haujapoa kabisa. Ukinuka kuungua, utupe.

3. Pedi ya umeme

Ni kitambaa bapa chenye nyaya za kupasha joto ndani. Ni nzuri kwa eneo pana la mgongo, lakini joto lake halipungui lenyewe, na hapo ndipo ilipopoteza nafasi. Usinunue isiyojizima. Nyingi hujizima baada ya saa 1 au 2, muda mrefu mno kwa mjamzito, kwa hiyo weka kengele ya simu na utumie kiwango cha chini. Lala ubavu, pedi iwe juu ya mgongo, si wewe juu ya pedi: ukiilalia, damu hushindwa kupita vizuri kuondoa joto kwenye ngozi, na nyaya za ndani hukunjika.

Soma lebo: iwe volti 220–240. Pedi zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 120. Ya wati 50 ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta zaidi ya wati 180. Adapta ya plagi hubadilisha miguu tu, haipunguzi volti.

4. Stika za joto

Hupata joto kutokana na unga wa chuma uliomo unapokutana na hewa, na huendelea hadi saa 8. Huwezi kulipunguza. Zibandike juu ya nguo, uzibandue mapema, usilale nazo. Zenye dawa ya kuchua, hasa methili salisileti, ziache.

Usinunue: mfuko wa maji wa kuchaji

Ule wenye tundu la plagi ubavuni na maji ndani tayari. Katika mingi ya bei nafuu, umeme hugusa maji yenyewe. Kidhibiti joto kikifa, maji huchemka ndani ya mfuko uliofungwa. Ukiwa nao tayari, usiuguse wakati umechomekwa.

Muda na mahali

Dakika 15, zisizozidi 20, juu ya nguo. Kisha pumzisha ngozi saa nzima. Tumboni usiweke. Usipake dawa ya kuchua kisha ukakanda juu yake: joto huiingiza zaidi mwilini na ngozi huungua upesi. Ngozi ikianza michirizi ya kahawia kama wavu, acha kukanda sehemu hiyo kabisa.

Ukiwa na homa, usikande. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, usilikande wala kulichua. Huenda ni damu iliyoganda. Maumivu ya mgongo yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, au yenye damu, au ya ubavuni pamoja na kuwashwa ukikojoa, nenda kliniki siku hiyo hiyo.