Mkanda wa mgongo wa sumaku: nimeuvaa saluni, maoni yangu haya hapa

Wadada wenzangu wa saluni mmeniuliza sana inboksi kuhusu ule mkanda mweusi wa mgongo mlioniona nao, ule wenye sumaku unaosemekana unajipasha moto wenyewe, basi leo naandika yote ili na wengine wasome. Jibu fupi ni nyota 2 kati ya 5. Jibu refu linahusu mgongo wenyewe, maana kununua mkanda kabla hujajua mgongo unauma kwa nini ni kutupa hela, na hela yetu sisi wasusi inatoka vidoleni.

Nianze na bidhaa. Nilinunua Kariakoo kwa elfu 35 baada ya kupatana, mtandaoni nimeuona mpaka elfu 60 kitu kilekile boksi lilelile. Ni kitambaa kizito cha kuvutika, kwa ndani una vidude vya duara ndo sumaku zenyewe, mgongoni wameweka vyuma vyembamba vya kukufanya usiiname hovyo, mbele unafunga kwa velkro halafu pembeni kuna kamba mbili pana za kuvuta ukitaka ukaze zaidi. Ushonaji mzuri, sijaona uzi uliofumuka. Na ukiufunga kwa mara ya kwanza utasema umepona, kweli kabisa, kiuno unakihisi kimeshikwa, unasimama wima, na ile sehemu ya sumaku ukiilowanisha kidogo inaanza kuleta joto taratibu mpaka raha. Nyota zangu mbili zimetoka hapo, moja ya joto moja ya ushonaji.

Sasa matatizo. Joto la Dar mnalijua, mwezi wa pili, saluni ya bati, draya inawaka, umeme ukikatika hata feni hamna, jasho linatuama ndani ya mkanda na ngozi inatoka harara kiuno kizima. Velkro ndo kabisa. Sisi tunashinda na rasta, zile nyuzi zinaingia kwenye meno ya velkro zinajisokota humo hazitoki hata kwa kitana cha mkia, unakaa unachomoa moja moja kwa sindano ya kushonea wivingi, na baada ya muda haishiki tena, ukiinama tu inafyatuka. Anayefanya kazi ya nywele afikirie hilo kabla hajalipia.

Na hizo sumaku jamani, tafiti zilizozipima sumaku za aina hii kwenye maumivu hazijaonyesha kwamba zinapunguza kitu. Kinachokupa nafuu pale ni joto, na joto kweli linatuliza mgongo kwa muda, ila chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kanga inakupa joto hilohilo nyumbani bila kutoa elfu 35.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni hili: Disemba 2023 Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wa namna ya kuwasaidia watu wazima wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, na mikanda ya kiuno imo kwenye orodha ya vitu wasivyovishauri, pamoja na kuvutwa mgongo kwa mashine na zile dawa kali za maumivu za jamii ya morfini. Wanachoshauri ni mgonjwa aelimishwe aelewe mgongo wake, afanye mazoezi, apate tiba za mikono kama masaji, apate msaada wa kisaikolojia kama anauhitaji, na dawa kama ibuprofeni zitumike kwa uangalifu. Siongelei mkanda aliokuandikia daktari baada ya kuvunjika au upasuaji, huo vaa kama ulivyoambiwa, wala mkanda wa wajawazito. Naongelea huu wa kuning'inizwa dukani.

Mi niliyajua haya kwa mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na hiyo ndo huduma ninayoipa nyota 5 bila kufikiria mara mbili.

Ila kabla sijafika kwake nilizungushwa. Kuna sehemu nilienda na maumivu ya kiuno nikaambiwa UTI, mkojo haujapimwa, nikapewa antibayotiki nikarudi nazo nyumbani. Najua wengi yamewakuta, kwetu mgongo wa mwanamke ukiuma ni UTI au figo, wa mwanaume ataambiwa nguvu zimepungua auziwe mizizi. Figo mara nyingi linauma juu kidogo, ubavuni chini ya mbavu, na huja na homa au kutapika au mkojo unaochoma, na halijali umekaa au umesimama. Mgongo wa kazi unabadilika na mkao, ukiinama unauma, ukitembea unaachia, ukilala kwa upande fulani unatulia. Mtu asikupe antibayotiki bila kupima mkojo, na una haki ya kuuliza. Halafu zile sindano za maumivu za diklofenaki za kila wiki dirishani kwenye duka la dawa jamani tuziache, hizo dawa ukizoea zinachimba tumbo mpaka vidonda, zinaumiza figo na zinapandisha presha, yaani unaanza na mgongo unaishia na magonjwa matatu.

Kwa fizio sikupewa mkanda wala sikuandikiwa MRI, ile picha ya ndani ya mgongo. Akaniuliza maswali mengi, akanigonga magoti kwa kile kinyundo, akanitembeza kwa vidole halafu kwa visigino, akaninyanyua mguu mmoja mmoja nikiwa nimelala chali aone kama maumivu yanashuka mpaka chini ya goti, maana yakishuka hivyo na ganzi mara nyingi mshipa wa fahamu unabanwa. Akaniambia karibu watu 9 kati ya 10 wenye maumivu ya mgongo wa chini hamna kitu kimoja unachoweza kukionyesha kwa kidole ukasema hiki hapa ndo kinauma. Nikamuuliza mbona fulani kapigwa picha kaambiwa diski, kile kipande laini kati ya pingili, imetoka? Akanieleza, na baadaye nimesoma mwenyewe, kuna mapitio ya tafiti ya 2015 yaliyokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa, na kwenye umri wa miaka 20 tu asilimia 30 walionekana diski zimevimba kutoka nje kidogo, kwenye miaka 80 ni asilimia 84. Hawaumwi chochote! Kwa hiyo mtu akitoa laki kadhaa za MRI siku ya kwanza anaweza kurudi na karatasi ya kumtia hofu, aanze kutembea kama aliyebeba mayai, asiiname, asibebe mwanae, na mgongo usiotumika unazidi kukaza na misuli inalegea. Hata diski iliyotoka kweli mara nyingi mwili wenyewe unaimeza taratibu.

Halafu akaniambia kitu ambacho hakuna muuza mkanda angeniuliza: nionyeshe unavyosuka. Nikamwekea kiti, nikainama kama naanza kisogoni. Akaangalia, akasema tatizo sio mgongo wako mbovu, mgongo wako umechoka kushikilia mkao mmoja masaa sita. Na ni kweli, ukisuka twende kilioni ndogondogo mteja anakaa kwenye kigoda, wewe umemwinamia kuanzia asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

Tulichobadilisha hakina gharama. Viti vya plastiki saluni vipo, ukisuka utosini na mbele unavipandanisha viwili vitatu mteja anapanda juu, kichwa kinakuja usawa wa kifua chako wewe umesimama wima. Ukifika kisogoni yeye anashuka kwenye kigoda, wewe unakaa kwenye kiti mgongo umeegemea. Ukisimama sana weka mguu mmoja juu ya boksi la rasta, badilisha mguu. Kila baada ya mistari kadhaa shika kiuno pinda nyuma taratibu, mteja atangoja, hakuna aliyewahi kunikimbia kwa hilo.

Na mazoezi, haya nafanya kwenye mkeka kabla sijaoga. Kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko halafu kwa viganja, kulala chali magoti umeyakunja unanyanyua makalio unashikilia, kukaa kwa magoti na viganja unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kisha kinyume chake. Na kutembea, kituo kimoja kabla ya nyumbani nashuka daladala. Mwanzoni maumivu yalipanda kidogo, fizio alishanitahadharisha, alisema uchovu wa misuli ni sawa ila maumivu yakianza kushuka mguuni niache nirudi. Hayakushuka. Sasa hivi nasuka siku nzima, jioni kiuno kinachoka kama cha mtu yeyote aliyefanya kazi, asubuhi naamka mzima.

Mmeuliza pia godoro gumu au kulala chini. Kuna utafiti wa Hispania wa 2003, watu 313 wenye mgongo sugu, waliolalia godoro la ugumu wa kati walipata nafuu kuliko waliolalia gumu. Kwa hiyo bibi akikulazimisha kulala sakafuni mwambie shikamoo halafu rudi kitandani.

Sasa naomba hapa msome kwa makini, maana kuna mgongo ambao sio wa mkanda wala wa mkeka. Ukiona mkojo umegoma kutoka au unakutoka bila kujua, haja kubwa pia, au ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au mguu unakosa nguvu, nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo, usisubiri kesho, mishipa ya fahamu ikibanwa hivyo ukichelewa unaweza usiirudishe. Na kwetu TB ipo, inaingia mpaka kwenye pingili za mgongo hata kama hukohoi, ukiwa na maumivu yasiyotulia hata usiku, homa za jioni, jasho la usiku, unakonda, au pingili moja imeanza kutokeza, sema hayo yote kwa daktari na uombe upimwe. TB ya mgongo inatibika kwa dawa na dawa zake ni bure. Aliyewahi kuwa na saratani, aliyeanguka vibaya, mzee ambaye maumivu yameanza ghafla, nao wasianze na mazoezi ya mtandaoni.

Huduma ya fiziotherapia ipo kwenye hospitali za rufaa za mikoa na nyingi za mashirika ya dini, bei zinatofautiana ila mi kwa hela ya mkanda mmoja nilipata kumuona zaidi ya mara moja, wenye bima ulizeni kwanza kama inakubali. Foleni ipo, asubuhi mapema ndo nzuri. Ukifika mapokezi sema unataka chumba cha mazoezi ya viungo, wanaelewa. Vaa suruali laini au beba kanga ya ziada, utalazwa kifudifudi na utainuliwa miguu, na usijisuke rasta ndefu za kufunga juu siku hiyo, kulalia lile fundo chali ni mateso.