Kijiwe cha kahawa cha Magomeni Mapipa: pa kwenda habari zikikauka

Wiki ya mwisho ya Julai waandishi wa Dar es Salaam tunaijua. Bunge limeahirishwa baada ya bajeti, Sabasaba imefungwa, Nanenane bado, ligi imekwisha na kilichobaki ni tetesi za usajili wa Simba na Yanga. Ukurasa lakini lazima ujae. Wengi huchukua taarifa zinazotumwa na maofisa habari kwa WhatsApp, wakageuza aya ya kwanza na kuweka jina. Mimi nakwenda Mapipa kunywa kahawa.

Kahawa yenyewe kwanza, maana ni nzuri kweli. Mzee anakaanga buni mwenyewe, anatwanga, anatia tangawizi bila ubahili, na dele halitoki kwenye jiko la mkaa tangu alasiri mpaka usiku. Sukari hakuna. Unang'ata kashata ya karanga, unashushia na kahawa chungu, tangawizi inakukwaruza koo, kichwa kinafunguka. Kikombe shilingi 200, kashata 200.

Ila thamani ya pale ni kukaa. Jioni moja konda wa daladala alikuja mbio, akatoa noti ya elfu kumi: "Shikamoo mzee, nichenjie." Mzee akainua kopo la maziwa lililojaa sarafu, akazipanga mia mia kwenye ubao, vichuguu vya kumi kumi, akamsogezea elfu tisa. Konda akazoa bila kuhesabu, akaondoka. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Nikauliza, na benchi zima likanifundisha. Nauli ya safari fupi ilipopanda kutoka 500 hadi 600 Desemba 2023, hesabu ya chenji iligeuka. Zamani abiria akitoa elfu moja anarudishiwa sarafu moja tu ya mia tano, basi. Sasa anadai mia nne, na mia nne hairudishwi kwa sarafu moja. Konda asiye na sarafu anazinunua, na ile elfu anayokatwa ataifidia wapi? Baba mmoja fundi cherehani akasema yeye na mama asiyemjua walishushwa na noti moja ya chenji yao wote wawili, wakaambiwa wakagawane. Walisimama kituoni wakitafuta duka la kuchenji, mama akachoka akamwachia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa stendi ya Makumbusho na daftari, nikiwauliza makonda wenyewe. Mambo ya kijiweni lazima uyafuatilie; yanayohusu ndoa na nyumba za watu nayaacha pale pale kwenye benchi. Lakini hii ya chenji ilisimama, ikajaza ukurasa, na ilimhusu kila anayepanda daladala. Hakuna ofisa habari ambaye angenitumia.

Kasoro zipo. Vikombe vyote vinasuuzwa kwenye ndoo moja, na maji yakishakuwa rangi ya chai ndiyo yanamwagwa. Nimemwambia mzee anunue ndoo ya bomba, akaniitikia "sawa mwanangu", ndoo ni ile ile. Kwa hilo namkata alama, kwa kuwa wateja wake ni wengi na kipindupindu mji huu tunakijua.

Halafu benchi lile limezoea wanaume. Siku ya kwanza nilipofika mazungumzo yalikatika. Nilisema "Shikamooni", nikaagiza, nikakaa pembeni bila kutoa simu wala daftari. Walipomaliza kunipima wakaendelea. Wanawake waandishi, msiogope pale. Wazee wana heshima, na ukishajulikana watakuwekea nafasi. Ila natamani wauza vitumbua wa upande wa pili wa barabara nao wangekuwa na benchi, maana wao ndio wanaojua bei ya unga imepanda lini.

Fika baada ya swala ya alasiri. Kashata huisha mapema, na giza likiingia mjadala unahamia kwenye mpira, hapo hutasikia kingine. Nenda na sarafu zako.