Silver Supporter hadi Pitcairn: meli haina neno, karatasi ndizo zinazowazamisha watu wa Nairobi

Pitcairn, kisiwa cha mbali katika Pasifiki ya kusini, haina uwanja wa ndege, wala gati la kufunga meli kubwa. Mlango wake wa kawaida ni mmoja: MV Silver Supporter, meli ya mizigo inayobeba abiria 12 kutoka Mangareva, kwenye visiwa vya Gambier, pembe ya kusini-mashariki ya Polinesia ya Ufaransa. Anayetaka kufika huko kutoka Nairobi haanzi kwa kuwinda tiketi ya ndege ya bei rahisi. Huanza na ratiba ya meli, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi JKIA. Wengi hufanya kinyume, na pesa zao huzama kabla hawajaiona bahari yenyewe.

Hiyo 12 si ubahili wa mwenye meli. Kanuni za kimataifa za usalama baharini huihesabu meli yenye abiria zaidi ya hapo kuwa meli ya abiria, yenye masharti mengine kabisa ya ujenzi, vifaa na ukaguzi. Kwa hiyo hapa hakuna kondakta wa kukusogeza upate nusu kiti. Nafasi zikijaa, zimejaa, na wenyeji wanaokwenda na kurudi kutoka matibabu wanahitaji nafasi hizo hizo. Kuomba mwaka mmoja kabla si kujihimu kupita kiasi. Siku za kukaa kisiwani nazo huzichagui wewe: unaondoka meli ikirudi, baada ya siku nne hivi au, kwa mizunguko mingine, zaidi ya kumi. Soma ratiba kwa makini, maana tarehe mbili zinazofanana kwa kuondoka zinaweza kuwa na marejeo tofauti.

Kama huduma, meli yenyewe inastahili sifa. Imeshika njia hii tangu 2019, ilipopokea kazi kutoka kwa meli ya Claymore II, na safari zake hupangwa zikutane na ndege ya Air Tahiti kutoka Papeete, mji mkuu wa Polinesia ya Ufaransa ulioko Tahiti, hadi Mangareva, kwa hiyo ratiba ya meli usiisome bila ya ndege hiyo. Minyororo ya usafiri hukatika kwingine, na kwa Mkenya hukatika mezani kwa mtu wa viza.

Tuanze na Ufaransa. Polinesia ya Ufaransa iko chini ya Paris, lakini haimo katika Schengen, eneo la viza moja la Ulaya. Usiichukulie viza ya Schengen kuwa ndiyo ruhusa ya Papeete. Fomu hujazwa kwenye tovuti ile ile ya viza za Ufaransa, na karatasi hupelekwa hapa hapa Nairobi, ila kwenye swali la unakoenda chagua Polinesia ya Ufaransa, na ukipewa viza soma kibandiko hapo hapo kuhakikisha eneo hilo limetajwa. Kisha kuna mtego ambao mawakala wengi wa tiketi hapa mjini hawaufikirii kabisa: Pitcairn ni ya Uingereza. Ukipanda meli Mangareva umeshatoka katika himaya ya Ufaransa, na ukirudi unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha ungali baharini. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja, na uambatishe uthibitisho wa meli unaoonyesha siku ya kutoka na siku ya kurudi. Ofisa akiona Tahiti peke yake kwenye karatasi, hana sababu ya kukupa zaidi ya kuingia mara moja, na Rikitea, kijiji kikuu cha Mangareva, si mahali pa kwenda kuomba marekebisho.

Halafu kuna njia ya kufika Papeete. Ndege za kutoka Paris hutua Los Angeles au San Francisco, na Marekani haina utaratibu wa abiria kupita bila kuingia nchini. Hata kama ni kushuka saa mbili ndege ijazwe mafuta, utapanga foleni ya uhamiaji, na pasipoti ya Kenya itadaiwa viza. Miadi ya viza hiyo inaweza kuchelewa kuliko meli. Njia nyingine ni Dubai au Doha, kisha Auckland, halafu saa tano hivi hadi Papeete. Nayo ina viza yake ya kupita, lakini ina sharti dogo linaloumiza: viza ya kupita ya New Zealand hukuruhusu kubaki eneo la wasafiri la uwanja wa Auckland kwa muda usiozidi saa 24, bila kutoka. Ukinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa shilingi, begi lako litaishia Auckland, na kulichukua ni kuingia nchini, jambo ambalo viza hiyo hairuhusu. Nunua tiketi moja, begi liandikwe PPT, yaani uwanja wa Papeete, tangu Nairobi, au uombe viza kamili ya mgeni.

Angalia kalenda pia. Kati ya Auckland na Papeete unavuka mstari wa tarehe: ukiondoka Jumatatu unafika Jumapili. Kwenda, unalipwa siku, kurudi, unanyang'anywa. Watu hulipia hoteli ya usiku usio wao, au hukadiria kurudi kazini siku moja kabla ya uhalisia. Hesabu kwa saa za mahali husika. Pitcairn iko nyuma ya Nairobi kwa saa 11, kwa hiyo hapa ikiwa saa sita mchana, kule ni saa saba usiku na watu wamelala. Barua pepe ya asubuhi usiitarajie ijibiwe kabla ya jioni.

Weka akiba ya siku mbili Papeete kabla ya ndege ya Mangareva, na mbili nyingine wakati wa kurudi. Ndege husafiri kama kilomita 1,600 na hutua kwenye kisiwa kidogo cha matumbawe, ambako boti hukuvusha maji yaliyozungukwa na miamba hadi Rikitea. Kutoka hapo ni bahari wazi, kama kilomita 540, saa 30 hivi au zaidi kidogo upepo ukikataa. Ukikosa meli hii, inayofuata si ya kesho.

Bima zinazouzwa Nairobi kwa ajili ya Schengen ni za kuziangalia mara mbili. Nyingi zimewekewa kiwango cha euro 30,000 na hazivuki mipaka ya Schengen. Pitcairn inataka bima inayogharamia kuhamishwa kwa mgonjwa, na helikopta haifiki huko. Mgonjwa huondoka kwa meli. Tafuta iliyoandikwa dunia nzima, na ikitaja Pitcairn kwa jina ni bora. Cheti cha homa ya manjano nacho ni lazima kwa sababu tunatoka Kenya. Huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano na hakiishi muda, kwa hiyo tafuta ile kadi ya zamani kabla ya kuchomwa tena.

Pesa: faranga ya Pasifiki imefungwa kwa euro, 119.33 kwa euro moja, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kwenye forex za Nairobi. Beba euro za Papeete na dola za New Zealand za Pitcairn, noti ndogondogo, kwa sababu kisiwani hakuna mashine ya kutolea pesa. Ukilipia nafasi kwa benki, mwambie karani kwamba gharama zote za kutuma utazibeba wewe. La sivyo benki za katikati hukata kidogo kidogo, kiasi kinafika pungufu, na nafasi yako inabaki haijathibitishwa.

Dawa ya kichefuchefu cha bahari inywewe kabla ya mawimbi, maana ukishaanza kutapika kidonge hakikai. Cinnarizine hupatikana kwenye maduka ya dawa hapa. Kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 30 saa mbili kabla ya kung'oa nanga, kisha 15 kila saa nane. Muulize mfamasia ikiwa una dawa nyingine. Pale Pitcairn meli husimama nje, na mashua ndefu za aluminiamu hutoka ghuba ya Bounty Bay kuwachukua watu. Mnashuka kwa ngazi ubavuni mwa meli na kuingia mashua inapopanda na wimbi, si inaposhuka, wenyeji wakiwashika mikono. Mikono yote miwili iwe huru, simu na pasipoti viwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Bahari ikichafuka upande huo, hujaribiwa Tedside, ng'ambo ya kisiwa.

Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 5 za mraba, wakaaji ni chini ya 50, wote Adamstown, na mgeni hulala nyumbani kwa familia. Mabaki ya Bounty, meli ya Uingereza iliyotekwa na mabaharia wake walioasi na kuja kukaa hapa, yamo chini ya maji ya Bounty Bay, ilipochomwa Januari 1790. Watu wa Pwani watalicheka jambo moja: meli hiyo ilikuwa imetumwa Tahiti kuchukua miche ya shelisheli. Historia ya wakaaji wa leo wa Pitcairn ilianza na chakula ambacho Mombasa hupikwa kwa nazi.

Adapta ni mbili, ya Kifaransa kwa Papeete na Mangareva, na ya New Zealand kwa Pitcairn. Luthuli Avenue zote zipo. Jaketi la upepo Gikomba linatosha. Asali na mbegu ziache nyumbani, nyuki wa Pitcairn hawana magonjwa na wenyeji wanawalinda kweli.

Ukijumlisha yote, safari fupi kabisa hula siku 18 hivi. Mwenye likizo ya siku 14 aishie Moorea, kisiwa jirani cha Tahiti: feri kutoka Papeete haifiki saa moja, hutoka mara kadhaa kwa siku, na hapo viza ya kuingia mara moja inatosha.