Vifaranga vya sato dume tupu: nimenunua mara mbili, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, nina bwawa la mita 10 kwa 20 huku Kibaha, na hivi vifaranga vya dume tupu nimenunua kwa watu wawili tofauti.

Wa kwanza alinipa 600 akaniapia vyote ni madume. Mwezi wa nne natia wavu nakuta majike kibao, mmoja nikamfungua mdomo umejaa mayai ya njano, na pembeni ya bwawa vitoto vimejaa. Sato jike akiatamia mdomoni hali na hakui, halafu vile vitoto vinakula chakula kilekile cha wakubwa, miezi 7 nikavuna samaki wa gramu 120, iliniuma sana.

Wa pili nilimhoji kabla sijatoa hela. Anachanganya methiltestosteroni (homoni ya kiume) miligramu 60 kwa kilo ya chakula, anaiyeyusha kwenye spiriti, ananyunyizia chakula kisha anakikausha kivulini, analisha siku 28 tangu vifaranga vinapoanza tu kula. Hapo kwenye kuanza mapema ndo penyewe, maana wakati huo mwili wa samaki haujaamua bado utengeneze mayai au mbegu za kiume, ukichelewa wiki kadhaa jike ndo kashakuwa jike na homoni yako imeenda bure. Yule wa kwanza nadhani alikosea hapohapo.

Walipofika gramu 40 nikakamata 50, nikawapaka GV (ile dawa ya zambarau ya vidonda) kwenye kile kinundu cha chini karibu na mkundu, rangi inaonyesha matundu vizuri kabisa: ukihesabu na mkundu, dume mawili, jike matatu. Nikapata madume 48, na hiyo ni nzuri jamani, anayekuahidi mia kwa mia usimwamini.

Wakibalehe utaona, ubongo unaamsha korodani, zinatoa homoni yao wenyewe, kidevu na mapezi yanakuwa mekundu, wanachimba mashimo ya duara chini ya bwawa na kufukuzana. Msishtuke, bila jike hawazai, wanaendelea kunenepa tu. Na homoni ya utotoni inaisha mwilini ndani ya wiki chache, wakati wa kuvuna haipo.

Bei yake iko juu kidogo ila nampa nyota 4. Ya tano nimemnyima kwa sababu maji ya matangi ya homoni anayamwaga moja kwa moja mtaroni, na kijana wake anachanganya kile chakula mikono mitupu bila glavu. Nimemwambia yote mawili.