Ziara ya nyumba za wanawake Pompeii: nzuri sana hadi Nyumba ya Vettii

Nilijiunga na ziara ya kuongozwa ya saa tatu mjini Pompeii, mji wa kale wa Warumi nchini Italia, iliyoahidi kueleza mahali pa mwanamke katika nyumba za Wagiriki na Warumi wa kale, na sehemu yake ya kwanza naisifu bila kusita. Mwongozaji alianza kwa kumpa kila mmoja wetu kizito cha udongo kilichotobolewa juu, kinachoenea kiganjani, mfano wa vile vilivyofungwa kwenye nyuzi za mtande, yaani zile za wima, ili zisilegee wanawake walipofuma nguo. Kisha akaeleza kwamba huko Olynthus, mji wa Wagiriki ulioteketezwa na Philip wa Makedonia mwaka 348 KK, vizito vya namna hiyo vimefukuliwa uani na katika vyumba mbalimbali, wala hakuna upande wa nyumba unaotambulika kuwa wa wanawake peke yao.

Hapo maandishi ya wanaume yakapimwa. Xenophon, mwandishi wa Kigiriki, anamsimulia mume aitwaye Ischomachus akimtembeza mkewe nyumbani na kumwonyesha sehemu ya wanawake, iliyotengwa na ya wanaume kwa mlango wenye komeo. Lakini katika hotuba iliyoandikwa na Lysias wa Athens, mume aitwaye Euphiletos anaieleza mahakama kwamba mtoto alipozaliwa yeye alihamia ghorofani na mkewe akashuka chini, asije akaanguka ngazini kila anapokwenda kumwosha mtoto. Sehemu ya wanawake, basi, ilihama pamoja na mwanamke mwenyewe.

Kilichonisikitisha ni Nyumba ya Vettii, mojawapo ya nyumba za Pompeii. Tulipoelekezwa kwenye ua mdogo wa kando, mwongozaji yuleyule alisema wanawake walitengwa humo, kwa kuwa tu wachimbaji wa mwisho wa karne ya 19 walipapa jina la Kigiriki la sehemu ya wanawake, gynaeceum. Nyumba ni ya Kirumi! Cornelius Nepos, Mrumi wa karne ya 1 KK, anaandika waziwazi kwamba mke wa Mrumi hushika nafasi ya mbele nyumbani na huenda karamuni na mumewe, tofauti na mke wa Mgiriki; naye Lucretia, mke wa Mrumi anayesimuliwa na mwanahistoria Livy, anakutwa usiku katikati ya nyumba, ameshughulika na sufu pamoja na vijakazi wake. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba muda umekwisha. Vijakazi hao, waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, hawakutajwa hata mara moja.

Waandaaji wakieleza jina hilo lilitoka wapi, na wakawapa vijakazi nusu saa tu, nitalipa tena kwa moyo mmoja.