Dalali aliyenipangishia nyumba Msasani: uzoefu wangu

Dalali aliyenipangishia nyumba ya Msasani simshauri mtu yeyote amtumie, na nayasema haya baada ya kusubiri miezi kadhaa ili hasira zipoe, nazo hazijapoa.

Niliingia Dar es Salaam mwishoni mwa kiangazi, kibali cha kazi na cha ukaazi vikiwa mkononi, nikitokea Nakuru, mji ulio kwenye mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako mtu hulala na blanketi mwaka mzima. Joto la Dar kabla ya masika lilinivunja nguvu. Wakenya wenzangu waliotangulia walinipa majina ya mahali pa kuishi, kila mmoja akitetea alikokaa: huyu Mbezi Beach kwa sababu ya upepo, yule Goba kwa sababu ya mwinuko na kodi nafuu, mwingine Sinza kwa sababu kila kitu kiko karibu. Mimi nilitaka kukaa karibu na kazi, na kazi ilikuwa Msasani.

Kwetu nilizoea kupiga simu iliyoandikwa getini, nikalipa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mwingine, nikahamia. Hapa nilikuta kwamba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, inayolipwa na mpangaji, siku ileile ya kutia saini. Kwa nyumba ya shilingi 600,000 kwa mwezi, nilitoa 4,200,000 kabla sijalala humo usiku mmoja, ukiacha hela aliyonitoza kwa kunionyesha nyumba tatu ambazo naamini alijua nitazikataa. Utaratibu wenyewe siulaumu, kwa kuwa kila mji una desturi zake na mgeni hafiki akaanza kuzipindua. Ninachokilaumu ni kwamba mtu huyu hulipwa chake chote siku ambayo wewe hujajua chochote kuhusu nyumba, na akishaondoka na hela yake, hakuna kinachomlazimu kupokea simu yako.

Nyumba ilipendeza, hilo sitalificha. Ilikuwa na marumaru safi, fensi, tangi la maji juu ya mnara, na rangi mpya nyeupe iliyokuwa bado inanukia. Chumbani palikuwa na kabati kubwa la mninga la mwenye nyumba, ambalo dalali aliniambia nilichukulie kama zawadi, maana limeachwa kwa ajili ya mpangaji. Nilimuuliza swali moja tu, na nililiuliza mara mbili: mvua zikinyesha, maji hayaingii? Alinitazama kama niliyemtusi. "Dada yangu, hapa ni Msasani, siyo Jangwani!"

Jibu hilo liliniridhisha, na leo naona jinsi lilivyochaguliwa kwa ustadi. Habari za Jangwani, eneo lililo kwenye bonde la Mto Msimbazi, hata sisi wa Kenya tumezisikia: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Serikali iliwahamishia Mabwepande baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi, na hadi leo mvua kubwa zikinyesha mabasi ya mwendokasi husimamishwa pale kwa sababu barabara imefunikwa. Mgeni akiambiwa kwamba hapa siyo Jangwani, huona swali lake limejibiwa. Ila lilikuwapo jina jingine ambalo dalali hakulitamka hata mara moja. Kwenye simu alisema "Msasani, jirani na Masaki". Kwenye mkataba paliandikwa Msasani. Ni dereva wa bajaji aliyeniambia, wiki ya pili, alipoelekezwa ninapokwenda: "Ahaa, Bonde la Mpunga." Nilikaa kimya njia nzima. Sihitaji kufundishwa Kiswahili, na najua mpunga hupandwa mahali ambapo maji yanatuama.

Masika yalipoanza yalianza kwa manyunyu, nikajipa moyo. Kisha ulikuja usiku mmoja ambao mvua haikupumzika. Niliamshwa na kitu kilichokuwa kikigonga mguu wa kitanda, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nilishusha mguu kutafuta ndala ili nikaangalie, nao ukazama majini hadi juu ya kifundo. Ndala ndizo zilizokuwa zikigonga kitanda, zilikuwa zinaelea. Nilikwenda kuzima swichi kubwa ya umeme nikipapasa ukutani, nikainua vyeti na kompyuta juu ya friji, halafu harufu ikanifikia, kwa sababu kuna watu ambao mvua ikishika hupata nafasi ya kutapisha vyoo vyao, na yote hayo hushuka kufuata maji, na maji yalikuwa chumbani kwangu. Godoro, unga, mchele, na vitabu nilivyovibeba kutoka Nakuru, vyote vilikwenda.

Asubuhi jirani yangu, mama mtu mzima, aliingia na ndoo na fagio bila kuitwa. Nilimwamkia shikamoo huku nalia. "Marahaba, mwanangu," alisema, "pole sana. Hebu tulisogeze hilo kabati tuone." Sikuelewa anataka kuona nini. Tulilivuta pamoja, na nyuma yake ukuta haukuwa na rangi mpya. Palikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula, usawa wa goti langu, na chini yake mwingine uliofifia, na chini yake mwingine tena. Fundi rangi hakuwa amejisumbua kulisogeza kabati zito kiasi kile. Ukuta mzima ulikuwa umeficha jambo ambalo mtaa wote ulikuwa unalijua.

Nilimpigia dalali simu mara nyingi kabla hajapokea. Nilipomweleza, hakuniita tena dada yangu. "Wewe mama, kazi yangu ni kuonyesha nyumba, siyo kuonyesha mvua. Kama hupawezi, rudi kwenu Kenya." Akakata. Kodi ya miezi minne iliyobaki sikurudishiwa, na fedha hiyo inaniuma, lakini maneno yale yananiuma zaidi.

Hata hivyo, nikisema madalali wote ni waongo nitakuwa nimeongopa mimi. Nyumba ninayokaa sasa, kule Kimara, nilitafutiwa na dalali vilevile, mzee ambaye nilipomtaka anionyeshe nyumba siku ya jua alikataa. "Subiri inyeshe, mwanangu, ndipo nikupeleke." Tulikwenda matope yakiwa yametufika kwenye vifundo vya miguu, akanisimamisha uani, akanionyesha kwa kidole maji yanakotoka na yanakopitia, na nyumba moja jirani akaniambia hiyo usiichukue hata ukipewa bure. Kodi yake ya mwezi mmoja nilimlipa kwa moyo mweupe. Sasa napanda mwendokasi hadi kituo cha Morocco kisha bajaji hadi kazini, nachelewa kurudi, nachoka, na bado siku za mvua nalala. Wala Msasani yenyewe siichukii. Yule mama na majirani wengine walinilisha wiki nzima, na kama nyumba ile ingekuwa imeinuliwa msingi mita moja tu, nisingehama.

Kiangazi kilichofuata nilirudi kumsalimia mama huyo, nikakuta geti la nyumba yangu ya zamani liko wazi na harufu ya rangi mpya imetapakaa hadi barabarani. Dalali alikuwa uani na kijana mmoja na mkewe mjamzito, waliosema kwamba wametoka Bujumbura na wameanza kazi hapa. Aliponiona aligeuza uso. Mimi sikumsemesha. Niliwaomba wale wawili radhi kwa kuwaingilia, nikawaambia waingie chumbani, wasaidiane, walivute lile kabati.