Besi ya nyuzi sita na sauti za juu: uzoefu wangu na Ibanez SR506E

Kwa muda mrefu nilikuwa mpiga gitaa la besi wa freti tano za mwanzo, yaani vile vyuma vilivyopangwa kukatiza shingo ya gitaa. Ndiko kazi yetu iliko: ngoma ya mguu inagonga, besi inakaa pamoja nayo chini, watu wanainuka vitini. Lakini siku zote nimependa ile besi inayopanda juu na kuimba kidogo katikati ya wimbo, halafu ikarudi zake chini bila kuvuruga kitu. Ndiyo sababu nilinunua besi ya nyuzi sita, Ibanez SR506E, iliyokwisha tumika kidogo, na hapa naeleza zaidi habari za sauti za juu, kwa kuwa ndizo nilizoifuatia.

Kwanza tuelewane kuhusu "juu". Uzi wa G, ulio mwembamba kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi (bila kubonyezwa) hutetemeka mara 98 kwa sekunde. Bonyeza freti ya 12, unapata 196, na hiyo ndiyo sauti ya uzi wa G wa gitaa la kawaida ukiwa wazi. Freti ya 17 inakupa C ya katikati ya piano. Freti ya 21 ni sawasawa na uzi mwembamba kabisa wa gitaa, ule wa E ya juu, ukiwa wazi. Precision Bass ya Fender iliyotoka mwaka 1951 ilikuwa na freti 20, na Jazz Bass ya 1960 vilevile, kwa hiyo besi hizo za asili zinaishia nusu hatua, yaani freti moja, kabla ya E hiyo. Hii ya kwangu ina freti 24, na juu ya uzi wa G kuna uzi mwingine wa C.

Huo uzi wa C ndio uliobadilisha upigaji wangu, tena si kwa namna niliyotarajia. Nilidhani faida yake ni kufika juu zaidi. Huko mwisho kabisa wa shingo siendi sana. Faida niliyoipata ni kwamba sauti za juu zimenisogelea. Noti niliyokuwa naitafuta freti ya 12 ya G, sasa ipo freti ya 7 ya C. Iliyokuwa freti ya 19 ipo ya 14. Kwenye shingo ya inchi 34, kama hii, nafasi kati ya freti ya 19 na ya 20 ni kama sentimita 1.6 tu, vidole vinabanana. Kati ya 14 na 15 ni zaidi ya sentimita 2. Tena ukiwa freti ya 14 mkono bado uko huru, haujaanza kugongana na mwili wa besi wala kulazimisha bega lipande. Napiga melodi nikiwa nimesimama kawaida, macho yakiwa kwa mwimbaji na si kwenye shingo.

Sauti yenyewe ni tofauti. Uzi wa C ni mwembamba (seti niliyofunga ni ya D'Addario, unene wake unaanzia 32 na kuishia 130, kwa sehemu za elfu moja za inchi), kwa hiyo unang'aa kuliko G na unaweza kusikika mkavu ukiupiga kwa nguvu karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Dawa yake ni mkono wa kulia. Nausogeza mkono kuelekea shingoni, napiga kwa nyama ya kidole badala ya ncha, na napunguza nguvu. Pikapu za Bartolini zilizomo, yaani vile vinasa sauti chini ya nyuzi, zina joto la kutosha, na ile swichi ya kuchagua sauti za kati inasaidia sana. Noti za juu za besi zinaishi kwenye sauti za kati. Wengi wakitaka besi isikike juu wanaongeza treble, ile sauti kali ya juu kwenye vitufe, wanachopata ni kelele za vidole tu. Ongeza za kati, uone noti inavyojitokeza mbele.

Kuzima nyuzi ndiyo shule mpya. Ukipiga C huku juu, nyuzi tano zilizobaki zinaweza kunguruma zenyewe, hasa ule wa B, mzito kuliko wote. Mimi naegemeza dole gumba juu ya nyuzi za chini, linateremka pamoja nami kadiri ninavyohama. Nyuzi pia zimekaribiana kuliko za besi ya nyuzi nne, na anayependa kupiga kwa kuchapa dole gumba ataisikia shida hiyo mapema. Shingo ni pana lakini nyembamba kwa unene, na kwa mkono wangu wa kawaida inashikika.

Nilipoinunua, nyuzi zilikuwa zimeinuliwa mno na huko juu noti zilikuwa zinapanda toni. Hilo ni la besi yoyote: ukilazimika kubonyeza uzi mbali sana mpaka ufike kwenye freti, unauvuta, na noti inatoka juu ya pale inapotakiwa. Fundi aliteremsha nyuzi, akarekebisha chuma cha ndani ya shingo, akasogeza vidaraja vya nyuzi mpaka noti ya freti ya 12 ikawa oktavu moja kamili (mtetemo mara mbili) juu ya uzi wazi. Kwa mtu anayetaka kupiga juu, kazi hiyo haiepukiki. Ningeshauri umlipe fundi kabla hujalipia kifaa kingine chochote.

Matumizi? Napiga kanisani na harusini hapa Dar es Salaam. Kwenye sebene sigusi huko juu isipokuwa mruko mfupi na kurudi, kwa sababu magitaa ya solo na ridhimu yameshajaza nafasi hiyo, na besi ikipanda hapo wachezaji wanakosa pa kukanyagia. Sehemu yake ni nyimbo za taratibu. Mwimbaji anamaliza mstari, kinanda kimetulia, namjibu kwa noti tatu nne kwenye C. Au nashika A ya chini na C-kali (C#) ya juu kwa pamoja, ile noti ya tatu ya ngazi ya A iliyopandishwa oktavu moja, na kodi, yaani noti zikilia pamoja, inasikika safi bila matope. Noti hizo hizo zikikaa karibu karibu huko chini zinavurugana.

Je, lazima nyuzi sita? Hapana. Mpiga besi Jaco Pastorius kwenye albamu yake ya 1976 alitoa hamoniki (sauti nyembamba za kugusa uzi bila kuubonyeza) za ajabu kwa Jazz Bass ya nyuzi nne. Lakini karibu wakati huohuo, mwaka 1975, mpiga besi mwingine, Anthony Jackson, alitengenezewa na fundi Carl Thompson besi ya nyuzi sita, kwa hoja kwamba hili nalo ni gitaa, na gitaa lina nyuzi sita. Mimi nimekubaliana na Jackson. Mwenye nyuzi nne na hamu ya kujaribu anaweza kununua ya nyuzi tano, akaifunga kuanzia E hadi C badala ya B hadi G. Nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwanzoni mwa shingo, itahitaji kurekebishwa, ila ni njia ya bei nafuu.

Kuhusu nyuzi, maduka ninayonunua Kariakoo huwa na seti za nne na za tano. Za sita naagiza, na naagiza mbili mbili, kwa sababu C ndiyo inayokatika kwanza.